Risasi moja haitoshi

Wasee, hapa Kericho kushika bunduki bila leseni ni jela, so hii ni nadharia tu. Colt Navy ya 1851, bastola ya baruti nyeusi, hulengwa kupitia mkato mdogo kwenye nyundo. Shabaha ikiwa karibu, risasi hupita juu. Dawa ni kuweka kinundu kirefu zaidi mbele, kisha kukipunguza kwa tupa. Lakini kwanza unapiga kama risasi 5, uone zinakusanyika wapi. Ukishakata chuma, hakirudi.

Mimi niliacha chuo. Watu wetu wa Bomet waliona video yangu moja wakasema nimepotea. Sasa ziko 40. Ziangalieni zote, ndio mniambie nimekosea shabaha wapi.