Bei ya na Risiti

Kamera ya kwanza niliyoifahamu pale Saza haikuwa na karatasi hata moja. Ilikuwa Yashica ya baba mdogo, aliyoinunua Nakonde, upande wa Zambia, mwanzoni mwa miaka ya 80 na kuivusha mpaka Tunduma chini ya kiroba cha karanga. Hakuna aliyemwona mhalifu. Bidhaa za viwandani zilikuwa zikiagizwa na mashirika ya umma, na kilichotufikia sisi wa Chunya kupitia kampuni ya biashara ya mkoa, RTC, kilikuwa majembe, sabuni na khanga, tena kwa foleni na kwa kujuana. Kamera haikuwamo. Aliyeitaka alimtafuta mtu: utingo wa lori la shaba, mfanyakazi wa TAZARA, au shemeji aliyekuwa akichimba Kitwe. Dukani hakwenda, kwa sababu duka lenyewe halikuwapo.

Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaanza ile vita dhidi ya wahujumu uchumi. Wenye katoni mbili za sabuni walikosa usingizi, na wengine walitupa mali zao vichakani usiku. Baba mdogo aliiviringisha Yashica kwa nailoni akaifukia ndani ya kihenge, katikati ya mahindi, na kila aliyemwomba kupigwa picha alijibiwa kwamba kamera imeharibika. Dada yangu mkubwa aliolewa msimu ule. Hana picha ya harusi mpaka leo, na bado anamlaumu baba mdogo badala ya kuilaumu serikali.

Mwaka uliofuata mlango ukafunguliwa kidogo: mwenye fedha zake za kigeni aliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuhojiwa sana alizipata wapi. Baadaye Mzee Mwinyi akawa Rais, na ruksa yake ikaleta mpaka Mkwajuni vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Vingi vilitoka Dubai, vikapita Zanzibar ambako ushuru ulikuwa nafuu, vikavuka kwenda Dar es Salaam kwa njia ambazo wenye vyombo ndio wanaozijua. Kufika kwetu, filamu ya Fuji ilikuwa imeshabadilisha mikono mara nyingi kiasi kwamba neno wakala lingechekesha.

Nilianza kumsaidia baba mdogo miaka ya 90. Mgodi mkubwa wa New Saza ulikuwa umefungwa tangu 1956, lakini wachimbaji wadogo hawakuwahi kuondoka, na mchimbaji aliyepata ni mteja mzuri kuliko bwana harusi. Alitaka picha ya kutuma nyumbani, Shinyanga au Kigoma, amevaa saa, mguu mmoja juu ya pikipiki ya mwenzake. Mkanda wa picha 36 tuliubana ukatoa 37, halafu ukapanda gari kupitia Galula na Mbalizi kwenda kusafishwa Mbeya. Picha zikirudi, kuna waliokuwa wameshahamia machimbo mengine, na hasara ilikuwa yetu.

Hapo ndipo nilipoanza kuona ubaya wa mali ya njia za pembeni. Filamu ni kitu chenye uhai mfupi. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye boksi, na joto huiua hata kabla ya tarehe. Ile iliyokaa juu ya dashibodi ya lori kutoka bandarini, kisha ikaning'inia kwenye kibanda cha bati bonde la Rukwa, ilitupa watu wenye nyuso za zambarau. Kiwandani ilitoka nzima, ni halisi kabisa. Iliharibiwa na safari, na katika safari ile hakuna hata mmoja aliyeona kuitunza ni kazi yake.

Wakala rasmi nilimwona kwa mara ya kwanza Dar es Salaam, katika duka moja la katikati ya mji lenye kiyoyozi na makabati ya vioo yaliyofungwa kwa funguo. Muuzaji alinionyesha kadi ya dhamana ya mwaka mmoja, yenye muhuri na namba ya kamera. Nikamuuliza, ikiharibika nifanyeje? Akajibu kwa heshima: ilete. Kutoka Saza! Kwa barabara za wakati ule, nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea zingemaliza faida ya msimu. Nilimshukuru nikatoka. Sikuona kwamba ananiibia, maana bei yake ilibeba ushuru, kodi, pango la mjini na fundi aliyesomeshwa. Ila sehemu kubwa ya vitu hivyo ilikuwa inawahudumia watu wanaoishi karibu naye.

Kamera za dijitali zilipotufikia, kila mpiga picha wa huku alikwenda Kariakoo, au alimtumia hela mtu wa Kariakoo na kusubiri mzigo wa basi. Winga, yaani dalali, alikupokea barabarani, akakuita boss, akakupandisha ghorofani kwenye chumba kisicho na kibao. Kamera yangu iliyonijengea nyumba ilitoka katika chumba cha namna hiyo. Ilikuwa Canon 600D, lakini usoni ilikuwa imeandikwa Kiss X5. Canon iliiuza kamera ileile kwa majina matatu: 600D Ulaya na kwingineko, Rebel T3i Marekani, Kiss X5 Japani. Kwa hiyo sisi tulisoma njia ya mzigo kwenye jina, na tukaithibitisha kwenye chaja: ikiwa na vile vyuma viwili bapa visivyoingia kwenye soketi zetu za pini tatu, ujue mzigo haukukusudiwa kwetu. Winga alikupa adapta bure, kama bonasi.

Rafiki yangu wa Tunduma alinunua Sony iliyokuwa ya soko la Japani. Lugha yake ilikuwa Kijapani tu, isiyoweza kubadilishwa. Alikariri mibonyezo: chini mara tatu, kulia mara moja, ndiyo unafika kwenye mwanga. Alipiga harusi nyingi nzuri kwa kamera asiyoweza kuisoma, na alipotaka kuiuza hakuna aliyethubutu kuinunua.

Watu wanachanganya mambo hayo na feki. Kiss X5 yangu ilikuwa Canon halali, imetengenezwa na haohao. Imekuja tu kwa mlango wa nyuma. Feki ni ile memori kadi iliyoandikwa GB 64 ambayo ikishapokea GB 4 inaanza kumeza picha za harusi ya watu, au betri inayovimba kama andazi. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu feki, tulituma namba za IMEI kwenda 15090 kujua nani atabaki hewani. Kamera haina wa kuizima. Feki yake unaigundua ukumbini, bibi harusi akiwa ameshaingia.

Nasikia Marekani kampuni ya Nikon haikubali kugusa katika vituo vyake kamera iliyoingizwa nje ya mfumo wake, hata ukilipa. Kwetu adhabu hiyo haina makali. Fundi wa Mbeya anayefungua redio hufungua na kamera, na hajawahi kuuliza imepitia wapi. Ndiyo maana kwa miaka mingi sikuona hoja yoyote ya kumlipa wakala.

Kilichonibadilisha ni kazi zenyewe. Mwaka 2016 Songwe ikawa mkoa, ofisi zikajaa Vwawa, na huku kwetu uzalishaji wa mgodi wa New Luika ulikuwa umeanza tangu 2012. Ofisi na makampuni yanayotaka kupigiwa picha za sherehe na mafunzo hayalipi mkononi. Yanataka namba ya mlipakodi na risiti ya mashine, na wewe ukipeleka hesabu zako unatakiwa uonyeshe vifaa ulivinunua wapi. Kiss X5 haikuwa na pa kuonyesha. Halafu kuna mpaka. Wanyamwanga wako pande zote mbili, mahari inatoka huku, ukumbi uko Nakonde, na mpiga picha anafuata. Ukirudi kupitia kile kituo cha pamoja kilichozinduliwa 2019, unaweza kuulizwa swali la haki kabisa: hii kamera ulitoka nayo, au umeinunua huko? Mwenye risiti yenye namba ya kamera anajibu kwa kuitoa mfukoni.

Siku hizi mwili wa kamera nanunua kwa wakala, kwa ajili ya karatasi. Lenzi nachukua Kariakoo bila wasiwasi, maana lenzi haina lugha wala soketi. Betri na kadi sinunui kwa mtu nisiyeweza kumrudia.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu alikuwa anatafuta kamera yake ya kwanza. Alimpigia winga, akaweka spika ili nisikie.

"Kaka, risiti ipo?"

"Ipo boss, tena ya mashine. Ila bei niliyokutajia ni ya bila risiti."

Kijana akaniangalia. Tofauti ilikuwa karibu sawa na bei ya lenzi. Ana harusi mbili Nakonde mwaka huu, nikamkumbusha, na mmoja wa mabwana harusi ni mfanyakazi wa mgodini. Akalipa ya na risiti, akamwambia winga aandike na namba ya kamera.