Rasimu Inapowekwa Kando

Novemba 2010, W3C, wale wa viwango vya wavuti, walisimamisha rasimu ya Web SQL. Haikuwa mbovu. Shida ni kwamba kila aliyeijenga alitumia SQLite ileile, na kiwango kinataka wajenzi zaidi ya mmoja, kila mtu kivyake. Mozilla walikataa, IndexedDB ikashika njia. Naona waliamua vizuri. Kinachoniudhi ni ule mkia: Chrome iliendelea kuibeba hadi 2024, na miaka 14 inatosha watu kuzoea kitu na kukijengea.

Huku Gatina, stima ikipotea na data ikiisha, daftari la madeni lazima lifunguke tu. Ndiyo maana mimi na beshte yangu tulianza kuandika mpangilio mmoja wa madeni ya maduka, ili programu yoyote iusome. Mwaka umeisha, programu inayousoma ni moja, yangu. Beshte anasema, "Buda, tuipee miezi sita ingine." Mama wa duka naye anauliza, aache kunakili kwa karatasi?

Nimemwambia asiache. Juu kabisa ya rasimu nimeandika: imesimama, usijenge juu yake. Beshte ameisoma. Bado hajanijibu.