Gemu ya 2007 inatupatia heshima kuliko hizi za leo

Wasee, nitasema na najua mtanuna: gemu iliyotengenezwa vizuri zaidi kwa simu yangu ni nzee, na watu wake wanakaa kama wamechongwa na panga. Inaitwa Old School RuneScape.

Historia fupi. RuneScape ilianza Januari 2001 kule Uingereza, kazi ya Andrew Gower na ndugu yake Paul. Miaka ikapita, ikabadilishwa badilishwa mpaka wachezaji wengi wakahama. Februari 2013 kampuni yao, Jagex, ikauliza watu: mnataka ile ya zamani? Kura zaidi ya laki nne zikapigwa, na wakafufua nakala iliyokuwa imehifadhiwa tangu Agosti 2007. Yaani gemu ni ya rika moja na M-Pesa. Oktoba 2018 ikaingia kwa simu, na hapo ndipo sisi wa Ukambani tusio na kompyuta tukapata mlango.

Kwanza netiweki. Gemu za risasi nikiwa Kitui ni mateso: namuona adui, nampiga, kumbe nilikufa kitambo. RuneScape haishindanii kasi ya kidole. Seva inaenda kwa mapigo, kila pigo sekunde 0.6, na chochote unachofanya kinangoja pigo lake. Mimi nikiwa Mutomo na jamaa akiwa London, tukibonyeza ndani ya pigo moja tunahudumiwa pamoja. Intaneti ya 2001 ilikuwa ya kusuasua hata huko kwao, na gemu iliyojengwa kuivumilia inavumilia pia ya kwetu.

Lakini kitu kinachonimaliza ni vile mtu mdogo ana kazi. Ukianza huna kitu, unaua ng'ombe pale Lumbridge na kuokota ngozi. Unafikiri ni takataka. Kumbe kuna msee anafundisha mikono yake kushona ngozi, anazitaka mia tano, na hana haja ya kwenda kuzitafuta mwenyewe. Mchimba madini anamlisha mhunzi, mhunzi anamvisha mpiganaji, mvuvi anawalisha wote. Ni Kalundu siku ya soko: mwenye ndoo moja ya ndengu ana nafasi yake kando ya mwenye lori. Gemu nyingi za leo zinakuweka na wachezaji milioni, na hakuna hata mmoja anayehitaji kitu kutoka kwako.

Halafu muda. Kufikisha ujuzi mmoja levo 99 unahitaji pointi 13,034,431. Ukifika 92 unadhani umemaliza, kumbe umefika nusu. Rafiki zangu wa Nairobi wanaita hiyo ukatili. Waambie hivyo kina mama wa mwethya huko Mbooni, wanaochimba matuta mlimani pamoja, shamba la huyu leo, la yule kesho. Siku moja huoni tofauti yoyote. Baada ya misimu kadhaa udongo umebaki shambani, na hakuna mtu anaweza kukuambia ulinunua.

Hapo ndipo moyo wangu uko. Dogo mmoja ninayemjua hapa Wote alitumwa kuuza ndengu, akarudi bila elfu mbili. Zilikuwa zimeingia kwenye masanduku ya bahati ya gemu fulani ya risasi. Alichopata ni rangi ya bunduki. Mamake alimuuliza rangi hiyo inapikwaje. Tulicheka, lakini ile elfu mbili ilikuwa na kazi nyumbani, na yule aliyechora lile sanduku na taa zake na ile sauti ya karibu-upate alijua kabisa anamchorea mtoto. Ni ndugu wa ile ndege ya kubeti.

Najua mtasema RuneScape pia ina bahati. Ndiyo, unaweza kuua joka mara mia tano ukapata mifupa tu. Lakini kulirudia lile joka hakukuombi namba ya siri ya M-Pesa. Kasoro ninayoiona ni nyingine: tangu 2015 kuna bondi, unanunua kwa pesa halisi na kuuza kwa dhahabu ya gemu. Kwangu hiyo ni dirisha la nyuma, na sipendi. Ingawa, nikuambie, bondi moja inalipia siku 14 za uanachama, na mimi hununua zangu kwa dhahabu ya jasho, maana ada ya dola kila mwezi siiwezi.

Na wachezaji bado wanapigia kura mabadiliko. Mwaka 2019 kampuni ilileta ujuzi mpya, Warding. Ukapata kama theluthi mbili ya kura. Kiwango kilikuwa asilimia 75, basi ukatupwa. Hebu fikiria kiongozi wako wa kaunti akitupa mradi wake kwa sababu watu walisema bado.

Niliacha chuo mwaka wa pili na ushago wanasema gemu ndiyo ilinitoa. Karo ndiyo ilinitoa. Gemu ilinikuta nyumbani.

Ukitaka kujaribu, ingia wewld namba 301, ni ya bure. Jumapili jioni huwa niko pale Lumbridge kwa ng'ombe. Ngozi zako nitazinunua.