Nusu Nzito ya Wimbo

Bob Marley alifariki tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36, na hakuwahi kupanda jukwaa lolote la Tanzania. Hata hivyo mgeni anayeingia Arusha leo anaweza kudhani mtu huyu alizaliwa Ngarenaro. Sura yake imo kwenye vioo vya daladala na bajaji, kwenye fulana za vijana wa stendi, na rangi zake za kijani, manjano na nyekundu zimo kwenye bangili za shanga wanazouziwa watalii. Wapagazi wanaoshuka Mlima Meru huimba “One Love”, kwa toleo lake la mwaka 1977 katika albamu ya Exodus, na huuimba kwa furaha ya kweli. Sina neno baya juu ya wimbo huo. Ni mzuri, ni mwepesi kushika, na humfaa kila mtu. Lakini sisi wa rika langu, tuliozaliwa miaka ya 1950 chini ya migomba ya miteremko ya Meru na kuja kutafuta riziki mjini, tulikuwa na wimbo mwingine wa mtu yule yule, na huo ndio ninaotaka kuuzungumza na vijana wetu, kwa heshima ile ile ninayoitarajia kutoka kwao.

Wimbo wenyewe ni “War”, wa mwaka 1976, katika albamu ya Rastaman Vibration. Asiyeujua huona jina lake akadhani ni wimbo wa mapigano, kumbe sijasikia wimbo wa amani ambao maneno yake yamepimwa kuliko huo. Karibu maneno yote si ya Marley. Ni ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, aliyoyatamka mbele ya Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mjini New York tarehe 4 Oktoba 1963, miezi michache baada ya viongozi wa Afrika kuunda umoja wao pale Addis Ababa. Mfalme alitoa masharti. Maadamu kuna watu wanaojiona bora kwa nasaba, maadamu haki ya mtu hupimwa kwa rangi ya ngozi yake, maadamu kuna ndugu walio chini ya tawala dhalimu huko Angola, Msumbiji na Afrika Kusini, basi amani haitakuwapo, na Mwafrika ataendelea kupigana. Marley aliyachukua masharti hayo, hakuyapamba, akayaweka juu ya ngoma na gitaa la besi. Na haki itendeke: mfalme aliyesema hayo aliondolewa madarakani mwaka 1974, baada ya njaa ya Wollo kuua raia wake wengi huku serikali yake ikilificha jambo hilo. Maneno yalimzidi msemaji, na hilo halikuyapunguzia ukweli.

Hapa kwetu maneno hayo yalikuta masikio yaliyokwisha kufunguliwa. Miaka kumi na miwili kabla ya hotuba ile, mwezi Novemba 1951, serikali ya Waingereza iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ikachoma nyumba zao, ili ardhi wapewe walowezi wachache wa Kizungu. Nchi ilikuwa katika amani wakati huo, kwa maana ile nyepesi ya neno: hapakuwa na jeshi lililopambana na jeshi. Wazee wetu hawakushika mikuki. Walikaa vikao, wakasikilizana ukoo kwa ukoo, wakachanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akapelekwa New York, kesi ile ikiwa mikononi mwake na mwa Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Mmeru wa kijijini akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa na kueleza jinsi nyumba za watu wake zilivyoteketezwa. Hakurudi na ardhi mkononi. Lakini alizunguka nchi akisimulia, na TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 iliikuta Tanganyika imekwisha kuisikia kesi ya Wameru. Sisi ni watoto wa watu hao. Wimbo uliposema kwamba amani ina masharti, tuliitika kama mtu anayesikia habari za nyumbani kwao.

Ulitufikia kwa taabu. Tulikuwa na redio, tena nyingine zilizoundwa hapa hapa Arusha katika kiwanda cha Philips ambacho jina lake limebaki kwenye eneo lile hadi leo, lakini mawimbi yalikuwa ya Redio Tanzania, na Redio Tanzania ilitanguliza, kwa haki kabisa, bendi za nyumbani. Mpaka wa Namanga ulifungwa mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983, baada ya marais watatu kukutana katika mji huu. Katika miaka hiyo kaseti kutoka Nairobi zilipita kwa njia za panya pamoja na sabuni na dawa ya meno. Kaseti moja ilinakiliwa hadi sauti ikafifia, na tuliisikiliza tukiwa wengi, kimya, kisha tukabishana juu ya kila sentensi. Leo kijana ana nyimbo za dunia nzima ndani ya simu yake, na huzisikiliza peke yake, masikio yakiwa yamezibwa. Sisemi kwamba sisi tulikuwa bora kwa kukosa. Nasema kwamba kitu kinachopatikana kwa shida husikilizwa hadi mwisho, na masharti yale yalitaka msikilizaji wa namna hiyo.

Kisha vita vyenyewe vikaja. Mwezi Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera. Vijana wa mitaa yetu waliondoka na mgambo, wengine kutoka Kaloleni na Unga Limited, wengine kutoka Poli na Akheri, na wapo ambao mama zao walifariki bado wakiwasubiri. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ushindi ule uliilia nchi akiba yake yote. Mwalimu Nyerere, rais wetu, alituomba miezi kumi na minane ya kufunga mikanda, na mikanda hiyo tuliifunga kwa miaka. Tulipanga foleni ya sukari tangu alfajiri, tukanywa chai ya chumvi, tukala ugali wa unga wa njano tuliouita Yanga, tukavaa viraka juu ya viraka na bado watoto wakaenda shule. Hayo siyatangazi ili nihurumiwe. Ninayataja kwa sababu katika miaka hiyo hiyo tuliimba wimbo wa amani bila kuona mgongano wowote. Tulijua kwa nini tulipigana, na tulijua gharama, kwa kuwa tulikuwa tukiilipa kila asubuhi dukani.

Tena tuliilipa kwa ajili ya wengine. Wimbo ulipotoka mwaka 1976, Angola na Msumbiji zilikuwa zimepata uhuru mwaka uliotangulia, na wapiganaji wa Frelimo walikuwa wamefunzwa Nachingwea, kusini mwa nchi yetu. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1980, Marley mwenyewe aliimba katika uwanja wa Rufaro, kwenye sherehe za kupandisha bendera ya Zimbabwe, na wengi wa walioipigania bendera hiyo walikuwa wamelala katika kambi za Tanzania na kula chakula cha Tanzania. Mwezi Desemba 1987 Oliver Tambo na chama chake cha ANC waliukusanya ulimwengu hapa Arusha kuipinga serikali ya makaburu. Nakumbuka hadhi tuliyoiona usoni mwa mji wetu siku zile. Tulikuwa maskini, taa zilizimika, barabara zilikuwa mashimo, lakini mwenye kudai haki alijua kwamba mlango wetu haujafungwa. Neno la mwisho kati ya yale masharti, yaani Afrika Kusini, lilitimia mwaka 1994, na walio hai kati yetu tuliona kwamba tumeshiriki.

Mwaka huo huo tulifundishwa jambo lingine, na hapo ndipo nusu nzito ya wimbo inapoonekana. Lakini nianzie mbali kidogo. Tarehe 22 Aprili 1978, mjini Kingston, Marley aliwaita jukwaani mahasimu wawili wa siasa za Jamaica, Michael Manley na Edward Seaga, akawashikisha mikono mbele ya umati. Picha hiyo imependwa na dunia. Kinachosahauliwa ni kwamba miaka miwili baadaye, katika kampeni za uchaguzi wa 1980, mamia ya Wajamaika waliuawa. Nasi tuliona ya kwetu. Tarehe 4 Agosti 1993, hapa Arusha, Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na wapinzani wake wa RPF walitia saini mkataba wa amani baada ya mazungumzo ya zaidi ya mwaka. Kalamu zikawekwa chini, mikono ikashikwa. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Habyarimana ikatunguliwa akitoka kwenye kikao cha Dar es Salaam, na ndani ya siku mia moja hivi watu zaidi ya 800,000 wakachinjwa. Mwisho wa Aprili, watu kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Mikono ilikuwa imeshikwa. Masharti hayakuwa yametimizwa. Chuki ya nasaba, ile iliyotajwa mwanzoni kabisa mwa masharti ya 1963, ilikuwa bado inafundishwa na kutangazwa redioni.

Umoja wa Mataifa ulianzisha mahakama ya kuhukumu mauaji hayo na kuiweka Arusha, katika majengo ya kituo cha mikutano cha AICC, yale yaliyojengwa kuwa makao ya Jumuiya iliyokufa. Kwa miaka ishirini mji wetu uliishi na kazi hiyo. Tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu akawa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari, baada ya mashahidi kusimama na kuyasema yasiyosemeka. Na kati ya walioletwa alikuwamo mwanamuziki, Simon Bikindi, mtunzi mwenye kipaji aliyependwa sana kwao. Nyimbo zake zililetwa mbele ya majaji, zikasikilizwa, zikachambuliwa mstari kwa mstari. Majaji waliona kwamba zilitumika katika kueneza chuki, ila haikuthibitishwa kwamba yeye ndiye aliyezipeleka hewani wakati wa mauaji. Tarehe 2 Desemba 2008 walimhukumu kifungo cha miaka 15 kwa maneno aliyoyatoa kwa kipaza sauti barabarani mwaka 1994, akihimiza watu wauawe. Nadhani hakuna mji mwingine wa Afrika uliowahi kulikalia swali hili kwa uzito kama wetu: mwimbaji anawajibika kwa kiasi gani kwa kile ambacho wimbo wake unafanya ndani ya watu? Tangu hukumu ile sijaweza tena kusikia mtu akisema kwamba muziki ni burudani tu.

Arusha haikukata tamaa na meza ya mazungumzo. Mwalimu Nyerere, mzee na tayari mgonjwa, aliendelea na upatanishi wa Burundi hadi karibu na kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999; Mandela akaupokea, na mkataba ukatiwa saini hapa tarehe 28 Agosti 2000. Hata huo haukuzima risasi siku hiyo, ikabidi vikao vingine, miaka mingine. Nasi wenyewe tumeumizwa. Tarehe 5 Mei 2013 bomu lilirushwa katika kanisa la Olasiti, na tarehe 15 Juni mwaka huo huo jingine likalipuka kwenye mkutano wa hadhara viwanja vya Soweto, watu wakafa na wengine kubaki na vilema. Mabomu yale yalitukumbusha kwamba jina la mji wa amani halimkingi mtu.

Vijana wetu, ninyi mmesoma kuliko sisi, mnasema lugha nyingi zaidi, na wengi wenu mnafanya kazi kwa bidii ambayo sisi wazee tunaiona hata tusipoisema: dereva wa bodaboda aliye barabarani kabla ya jua, binti anayeuza mboga soko la Kilombero, mpagazi anayebeba mzigo wa mgeni hadi Kibo. Amani mliyonayo mliikuta nyumbani, na si kosa lenu. Lakini kwa kuwa hamkuilipia, ni rahisi kwenu kudhani kwamba amani ni utulivu, na kwamba anayeuliza kuhusu haki anaivuruga. Kirilo Japhet aliuliza, wala hakuivuruga. Sisi wa rika langu tulimaliza mabishano ya nje kwa ujasiri, kisha tukachoka, na yapo masharti ya ndani tuliyowaachia: ardhi, ajira, na usawa mbele ya sheria. Tunawaachia tukiwaamini.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Endeleeni kuimba “One Love”. Kisha siku moja kaeni pamoja, zimeni simu zenu zote isipokuwa moja, msikilize “War” mwanzo hadi mwisho na mjadiliane sharti moja baada ya lingine, ni lipi limetimia na lipi bado. Tafuteni kitabu cha kesi ya ardhi ya Meru walichoandika Japhet na Seaton, kilichotoka mwaka 1967. Nendeni Engare Nanyuki mkawaulize wazee waliokuwa watoto mwaka 1951, maana wamebaki wachache. Kumbukumbu za mahakama ya Rwanda zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, na mwendo wa kufika huko kutoka katikati ya Arusha haumalizi asubuhi moja.