Mwazye ambayo Ntiro angeichora

Watanzania wengi wamelisikia jina la Mwazye, kijiji cha Ufipa, kwa sababu ya Kardinali Polycarp Pengo, aliyezaliwa huko mwaka 1944. Mimi, mzaliwa wa Machame, nilifika kwa mwaliko wa rafiki niliyesoma naye ualimu. "Wewe mpenzi wa picha za mchoraji Ntiro," aliniambia, "njoo Ufipa mvua zikikaribia kwisha."

Basi lilipofika Tunduma liliiacha barabara ya Zambia likashika ya Sumbawanga. Kadiri tulivyopanda, miti ilipungua na nyasi zikatawala, na abiria wakaanza kujifunga makoti. Uwanda wa Ufipa uko juu, sehemu kubwa kati ya mita 1,500 na 2,000, na mbingu yake ni pana kuliko yoyote niliyoizoea migombani kwetu. Kutoka Sumbawanga nilipata gari dogo, tukaenda kwa kuteleza kwenye tope hadi kijijini.

Kesho yake nilipelekwa shambani. Wanaume na wanawake walisimama safu moja na majembe yao, wakikata udongo pamoja na nyasi zake na kuugeuza, nyasi zikibaki ndani. Polepole bonde lote likajaa matuta ya mviringo. Hizo ndizo ntumba. "Nyasi zikioza humo ndani, mwanangu, hiyo ndiyo mbolea yetu," mama mwenyeji alinieleza. Juu ya tuta hupandwa maharage. Mvua za msimu unaofuata zikianza, tuta husambazwa na kupandwa ulezi.

Palepale nilimkumbuka Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere kwa Margaret Trowell, mwalimu aliyewasimulia wanafunzi tukio kisha akawaacha wachore walichokiona mawazoni. Baadaye alisoma shule ya sanaa ya Slade, London, lakini hakuacha kuchora watu wa nyumbani: wanaovuna, wanaolima, wanaobeba. Nyuso zao hazina maelezo mengi, kwani alichokitafuta ni kazi yenyewe, jinsi migongo mingi inavyoinama pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya mbege usiku, ilinunuliwa na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York mwaka 1960. Mwaka uliofuata Tanganyika ilipata uhuru, na mchoraji huyo akawa Balozi wake wa kwanza Uingereza.

Jioni wote waliolima walikaa uani kwa mwenye shamba, kikazungushwa kibuyu cha pombe ya ulezi. Kwetu ni mbege, kwao ni hii, na maana ni ileile: jirani hulipwa kwa kukaribishwa. Nilielewa kwa nini Ntiro aliipa pombe nafasi katika picha ya harusi. Hakuwa akichora ulevi. Alikuwa akichora deni la upendo linalofunga watu.

Rafiki yangu aliniomba nizungumze na darasa lake. Nilifuata njia ya Trowell: nikawasimulia siku ile ya shambani, nikawaomba wafumbe macho, kisha wachore. Mmoja alianza na nyumba ya ghorofa, maana ndivyo picha za vitabuni zilivyo. Wengine walichora matuta yakipanda hadi juu ya karatasi, na watu wadogo katikati yake, bila mimi kuwaonyesha picha yoyote ya Ntiro.

Nimeamini sasa kwamba Ufipa haikosi wachoraji, inakosa karatasi, rangi na mwalimu wa kumwambia mtoto kwamba shamba la bibi yake linastahili kuchorwa. Ntiro alipeleka Machame mpaka New York kwa sababu hakuionea aibu. Rangi za kwanza nimeahidi kuzituma mwenyewe. Zinazofuata nazidai kwa kila mwalimu wa sanaa atakayesoma haya.