Sayansi Tuliyoianzia Dukani

Binti wa kaka yangu, anayeishi Kigamboni, alinipigia simu juzijuzi akitaka ushauri. Mwanawe ana miaka 5, na yeye na mumewe wameamua kumfundisha nyumbani mpaka afikie umri wa kuandikishwa shule, maana watoto wa mtaani kwao hupanda basi la shule kungali na giza na kurudi jioni wakisinzia. Kusoma na kuhesabu hakumpi shida. Kilichomkwamisha ni sayansi. "Shangazi, wewe umefundisha miaka yote hiyo. Nichukue mtaala upi?" Akanitumia picha za kurasa za mitaala aliyoipenda, mmoja wa Marekani, mwingine wa Uingereza, yote ikiuzwa kwa dola.

Nilizisoma kurasa zile kwa makini. Zimechapwa vizuri, picha zinavutia, na kila juma lina kazi yake. Juma la kwanza mtoto anajifunza majira manne ya mwaka. Anakata karatasi nyekundu kwa umbo la jani la mti usioota huku kwetu, analibandika, kisha anasubiri theluji ya juma la tatu. Nikamwuliza, mkungu ulio uani kwenu, majani yake yana rangi gani sasa hivi? Akasema hajautazama. Nikamwuliza leo maji yanajaa saa ngapi, maana bahari iko hatua chache kutoka kwake. Hajui. Binti huyu ana shahada ya chuo kikuu. Mkungu ule hugeuza majani kuwa mekundu kama yale ya karatasi, kisha huyapukutisha mlangoni pake, na mfanyakazi huyafagia na kuyachoma kabla mtoto hajaamka.

Simu ile ilinirudisha Ngamiani, Tanga, nilikokulia, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Karibu na soko palikuwa na duka la taa. Leo ukisema duka la taa watu watadhani unazungumzia balbu. Lile lilikuwa duka la koroboi, fanusi na karabai. La tambi zilizokatwa kwa urefu, vioo vya chimni vilivyofungwa kwa majani makavu visivunjike, na pipa la mafuta ya taa lenye bomba dogo la shaba. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kidigo, mwembamba, kofia yake ya kiua haikuwa na doa ingawa mikono ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Tulimwita Babu, kama tulivyowaita wazee wote wa rika lake, na hatukuruka shikamoo.

Harufu ya duka lile ulikutana nayo kabla hujafika mlangoni. Mafuta ya taa yalitangulia, mazito, yamenywewa na mbao za sakafu tangu zamani. Ukiingia ndani ukasikia spiriti, kali, inapanda puani na kutoweka. Na mwisho kabisa, ukisogea kwenye meza ya ufundi, masizi na shaba iliyopata moto. Hata leo mtu akifungua chupa ya spiriti hospitalini, akili yangu huenda kwanza kwa Babu, ndipo ije kwenye sindano.

Nimeutafuta mwaka. Cheti changu cha darasa la saba ni cha 1975, kwa hiyo siku zile za kutumwa mafuta na mama zilikuwa kati ya 1969 na 1972. Dada yangu anashikilia kwamba duka lilifungwa mapema zaidi, na mdogo wetu anaapa alinunua utambi pale wakati wa vita vya Kagera. Na iwe hivyo wanavyosema.

Jambo ninalolikumbuka bila ubishi ni jinsi alivyowasha karabai, ile taa ya pampu. Alimimina spiriti kidogo kwenye kikombe kilicho chini ya bomba, akaitia kiberiti, akangoja. Sisi watoto tulikuwa na haraka, tukimhimiza apige pampu. Hakupiga. "Mafuta bado ya maji," alikuwa akisema. "Hayo hayawaki. Ngojeni yawe moshi." Moto wa spiriti ulipokaribia kwisha, na bomba limeshapata joto, ndipo akapiga pampu, na taa ikaanza kuvuma na kile kisoksi cheupe kikawaka mwanga ambao ulitufanya tufumbe macho. Kisha akatuonyesha kisoksi kingine kilichokwisha kutumika, akatuambia tukiguse kwa ncha ya unyoya. Kilibomoka na kuwa unga. Kwa hiyo majivu ndiyo yaliyokuwa yakitoa mwanga wote ule! Sikuwa hata nimefika darasa la nne, na tayari nilikuwa najua, kwa kuona, kwamba mafuta lazima yageuke mvuke ndipo yawake, kwamba presha hufanya kazi, na kwamba kitu kinaweza kung'aa bila kuteketea.

Siku nyingine aliweka koroboi mezani, akaifunika kwa kioo cha chimni kilichosimama sawasawa juu ya meza, akaziba juu kwa kiganja. Moto ukafifia, ukafa. Akawasha tena, akakiinua kioo kidogo kwa vijiti viwili ili hewa ipite chini, na juu akapaacha wazi. Moto ukasimama wima, mwembamba, hauna moshi. Akatuuliza: "Moto unakula nini?" Mmoja akasema utambi. Mwingine akasema mafuta. Babu hakusema ndiyo wala siyo. Alitujazia chupa zetu, akapokea senti zake, akasema turudi kesho na jibu. Kesho yake tulirudi, wengine bila hata kutumwa. Sikuwahi kumsikia akitoa jibu la swali alilouliza mwenyewe. Alipoona mtu amelipata, alimpa kioo cha masizi akafute kwa gazeti, na hiyo ilikuwa heshima kubwa.

Shuleni tuliyakuta mambo yaleyale yakiwa na majina. Mwalimu wetu wa sayansi alichukua kopo tupu la maziwa, akalisimamisha shambani mbali na miti, na kila asubuhi ya masika mmoja wetu alipima maji kwa rula na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Shamba la shule lilikuwa la kazi, nasi tulilalamika juu ya majembe kama watoto wote, lakini tulijua mvua ya wiki ile ilikuwa milimita ngapi na mahindi yaliotaje baada yake. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipokuja mwaka 1973, na watu wazima wakakusanyika kusikiliza redio kwa vikundi, mwalimu alitutuma tulete maji ya mitaroni na ya madimbwi katika vichupa. Tukatazama viluwiluwi. Wengine walining'inia kichwa chini, mkia ukigusa uso wa maji. Wengine walilala sambamba na uso wa maji, na hao, akasema, ndio watakaokuwa mbu wa malaria. Nilikwenda nyumbani nikamwaga maji ya gudulia lililokaa nyuma ya choo. Baba hakuuliza kwa nini. Redio ilikuwa imemwambia hayohayo jana yake.

Na baharini tulijifunza kwa miguu. Mama zetu walijua bamvua bila kutazama karatasi yoyote. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana, tofauti yake zaidi ya mita 3, na siku hizo ndizo za kwenda kuchokoa pweza. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, kaa nyumbani. Kila siku maji huchelewa kwa dakika zipatazo 50. Mtoto wa pwani aliyezoea kungoja maji yatoke alikuwa tayari amelijua jambo kubwa la elimu ya anga kabla ya kuambiwa kwamba dunia huvutwa na mwezi.

Sidai kwamba shule za wakati ule zilipenda maswali. Mkoa wetu huuhuu una ushahidi wake. Mwaka 1963, kijana Erasto Mpemba akiwa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliweka maziwa ya aiskrimu ya moto kwenye friji akaona yameganda kabla ya yale ya wenzake yaliyokwisha kupoa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na baadaye wenzake wakamcheka. Hakuliacha swali lake. Alikwenda nalo shule ya Mkwawa, Iringa, akamwuliza Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wanafizikia wanabishana juu ya jambo lenye jina la kijana aliyekuwa anatengeneza aiskrimu. Kila mzazi anayechagua mtaala aanze na kisa hiki. Jikoni, friji na maziwa vilitosha. Kilichokaribia kuua sayansi ile ni kicheko.

Nilipokwenda chuo cha ualimu nilikuta kabatini vijitabu vya mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, ulioanza miaka ya 1960 na kushirikisha nchi kadhaa, yetu na Kenya zikiwemo. Kimoja kilihusu yule mdudu anayechimba kishimo cha mviringo mchangani na kujificha chini akisubiri sisimizi waporomoke. Mtoto anaelekezwa amwulize mdudu mwenyewe: ukimhamisha anachimba tena? Mchanga ukiwa na maji je? Mtafiti Eleanor Duckworth alikwenda Kenya kuupima mpango huo, na badala ya kutunga mtihani wa maswali aliwawekea watoto vitu mezani akatazama watafanya nini. Waliopitia mpango walikuwa na mambo mengi zaidi ya kujaribu kuliko wenzao. Vijitabu vile nilivisoma kwa furaha kubwa, kwa sababu nilimwona Babu ndani yake.

Miaka ya themanini nilifundisha darasa lenye watoto waliojaa mpaka madirishani, chaki ikikatwa vipande. Kopo la mvua liliibwa. Miaka ya tisini zikaja shule za Kiingereza, na wazazi wakafurahi kusikia mtoto wa miaka 6 akitaja sehemu za ua kwa lugha asiyoielewa, huku hajawahi kupasua ua kwa kucha zake. Mitaala ikabadilika, ikabadilika tena. Ule wa 2015 uliweka uzito kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na kwa darasa la kwanza na la pili sayansi ikaingizwa ndani ya afya na mazingira, mpaka darasa la tatu. Sikuupinga, maana nimeona watoto wasiojua kusoma darasa la tano. Lakini mwishoni mwa utumishi wangu nilikuta watoto wanaojua kuchagua herufi sahihi kwenye swali la mbu na hawajawahi kutazama kiluwiluwi. Duka la taa sasa ni la vocha na makava ya simu.

Binti wa kaka yangu nilimjibu hivi. Kwanza, asidhani hao wa nje ndio waliosema mtoto aanzie theluji. Anna Comstock wa Chuo Kikuu cha Cornell, ambaye kitabu chake cha 1911 wazazi wanaofundisha nyumbani wanakitumia hadi leo, aliwaambia walimu wa jimbo la New York waanze na ndege na magugu yaliyo njiani kwao. Aliandika ya kwao kwa sababu ndiko alikokuwa. Anayemfuata kwa dhati Kigamboni ataanza na mkungu, kunguru na kaa wa mchangani.

Pili, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye maktaba yake mtandaoni bila malipo. Avisome yeye, ajue mtoto atatarajiwa nini akiingia shule, kisha avifunge na kutoka nje na mtoto. Mtaala wa kununua aupime kwa mambo machache. Vitu unavyovitaka vinapatikana jikoni, uani au pwani? Mtoto anafanya, au anabandika na kupaka rangi? Somo linaweza kuzungumzwa kwa Kiswahili chote, lugha anayoulizia maswali yake? Jibu limeandikwa kabla mtoto hajashika kitu? Ukishindwa kwenye hayo, uzuri wa picha hauusaidii.

Tatu, aanze na kazi moja ndefu kuliko nyingi fupi. Kopo la mvua tangu vuli mpaka masika. Au alama ya chokaa kwenye ukuta ulio ufukweni, kuonyesha maji yalifika wapi, na kando yake mtoto achore umbo la mwezi wa usiku ule. Mtoto wa miaka 5 anaweza kuchora mwezi.

Lakini kazi hii si ya mama mmoja. Walimu wastaafu wa sayansi tupo kila wilaya, na bado tunakumbuka. Wa pwani tuandike kitabu cha mwaka wa mtoto wa pwani, kuanzia kaskazi hadi kusi. Wa Usambara waandike cha ukungu na vinyonga, wa Dodoma waandike cha mbuyu na ukame, wa ziwani cha dagaa na mwezi. Viwe vyepesi, kwa Kiswahili, kwa bei ya daftari, na majibu yasiandikwe nyuma. Vikikosekana, tusiwalaumu vijana wetu wakinunua theluji.