Mzinga, Ngome na Kengele

Mzinga ni gogo lililochimbwa ndani ili nyuki watie asali. Mzinga pia ni silaha itemayo moto. Lugha imevipa vitu hivi jina moja kwa kuwa maumbo yao yanafanana, ilhali kimoja hulisha na kingine huua. Historia ya Mombasa ya karne ya 19 haielezeki vyema bila ya kuzikumbuka maana zote mbili.

Enzi hizo Uingereza ilikuwa na mashindano makali baina ya mzinga na deraya. Huko Shoeburyness, karibu na mdomo wa mto Thames, mabamba ya chuma yalisimamishwa yakapigwa mizinga mizito ili ijulikane kipi kitashindwa. Manowari Warrior, iliyoshushwa majini mwaka 1860, ilivikwa chuma chenye unene wa inchi 4.5. Inflexible, iliyoshushwa mwaka 1876, ilifikia jumla ya inchi 24, na kila mzinga wake mkubwa ulikuwa na uzito wa tani 80. Deraya ilipozidi unene, mzinga nao ulizidi ukubwa.

Pwani hii haikuwa na deraya ya kujaribiwa. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa baada ya kutishwa kwamba manowari zingeizingira Unguja. Mzinga ulishinda bila ya kulia. Januari 1875 ulilia: al-Akida, Muhammad bin Abdallah, alipomwasi Barghash akiwa ndani ya Ngome ya Yesu, manowari Nassau na Rifleman ziliipiga ngome hiyo hadi akasalimu amri. Hazikuwa meli za deraya, wala hazikuhitaji kuwa. Kuta za mawe zilizoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 hazikuwa kipimo chao.

Hata hivyo, mwaka huohuo, ng'ambo ya maji huko Kisauni, Freretown ilikuwa ikiinuka kuwapokea watumwa waliokombolewa. Nguvu ileile ya manowari iliyoipiga ngome ndiyo iliyoyakamata majahazi ya watumwa. Aliyekuwa mjini alisikia kishindo. Aliyeshushwa Kisauni alipata kwao. Kengele ya makao hayo ingali pale, na mahali pameitwa Kengeleni. Asali na moto vilitoka katika mzinga mmoja, na si haki kusimulia kimoja na kukificha cha pili.

Shoeburyness iliandika matokeo yake kwa inchi na tani. Mombasa iliyaandika kwa beti: Utenzi wa al-Akida, uliotungwa na Abdallah bin Masud al-Mazrui na kuchapishwa na Mbarak Ali Hinawy mwaka 1950. Mwanafunzi anayeishia kuhesabu vina na mizani katika utenzi huo hajausoma. Hana budi kuusikiliza ukuta wa ngome, kisha avuke maji, aisikilize na kengele.